Ekseli ya Mwendwa

Mwezi mzima nilijua kwamba gari la binti yangu haliwezi kupanda hata kizingiti cha mlango, na sikumwambia. Si kwamba nilisahau, wala si kwamba nilikosa nafasi, maana karakana yetu hapa Bulla Pesa ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya ukiwa kwenye grainda, aliye chini ya gari anakuambia pole. Nilinyamaza makusudi. Tena nilinyamaza kwa raha zangu. Ukitaka kunihukumu sasa hivi hutakuwa umenikosea, lakini nisikilize kwanza.

Mimi ni Mutea, fundi wa kuchomelea. Mwendwa ni kitinda mimba wangu, ana miaka ishirini na minne, na alirudi kutoka chuo cha ufundi akiwa na cheti cha umakanika na kichwa kigumu. Cheti alikipata Meru. Kichwa alikitoa kwa mama yake, ingawa mama yake anasema vingine.

Kila Desemba mafundi na madereva wa Isiolo hukutana nje ya mji, kwenye laga, mkondo wa mto usio na maji, wenye mawe meusi makubwa kama ng'ombe waliolala, na kushindana nani atapanda kwa gari hadi juu. Tunaiita Siku ya Mawe. Sharti ni moja, gari liwe limeundwa hapa hapa mjini kwa vyuma vya kuokota. Mshindi hupewa beberu. Basi kwa ajili ya beberu mmoja, watu wazima wenye familia huenda kujipindua juu ya mawe huku wengine wakipiga makofi. Mwendwa akasema mwaka huu na yeye atapanda.

Mimi mguu wangu wa kushoto una chuma ndani. Miaka ishirini iliyopita nilikuwa juu ya lori la ngamia likitoka Sericho, likalalia ubavu kwenye mawe, na vyuma vya juu vilivyochomelewa na mtu mwenye haraka zake vikajikunja vikanibana hapo kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Wenzangu wawili hawakuamka. Kwa hiyo mtoto wangu aliponiambia habari ya mawe, sikuona beberu. Niliona lile lori.

Lakini mwambie Mwendwa usifanye, kisha uone.

Alianza mwezi wa tatu. Lobokat, muuza vyuma chakavu, alikuwa na mkweche wa Suzuki ambao kuku walikuwa wanatagia ndani. Mwendwa akamtengenezea geti, naye akampa mkweche. Aliuleta nyumbani ukivutwa na punda wawili, na mke wangu Keziah akatoka nje, akautazama, akauliza ni maiti ya nani.

Bodi yote aliikata akaitupa, akabaki na chasisi. Viti alivitoa kwenye tuktuk iliyokufa. Mikanda ilikuwa kamba bapa za kufungia mizigo ya lori, fundi viatu akazishona upya. Wenye uwezo hununua kifaa cha kuyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Sisi tulifungua difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, tukazichomelea gia zake za ndani zikawa donge moja, tukafunga. Gari la namna hiyo likikata kona barabarani hulia kama mbuzi aliyekanyagwa, lakini juu ya mawe halikubali gurudumu moja lizunguke bure hewani huku lingine limelala.

Kizimba cha kuwakinga wanaokaa ndani nilikichomelea mwenyewe, kwa mabomba mazito yaliyong'olewa kwenye kisima cha zamani huko Rapsu. Kila kiungo nilikipitia mara mbili, na pale juu ya kichwa cha dereva mara tatu. Mwendwa akalalamika kuhusu uzito. Nikamwambia kama hataki, akatafute baba mwingine. Najua ni ajabu, mtu kuomba gari lisiende na bado akalijengea kizimba cha kubeba nyumba. Hofu haina mpango.

Sasa tufike kwenye kosa.

Mwendwa alikuwa na mwenzake, Doyo, Mborana anayeendesha lori la mifugo njia ya Sericho. Yeye ndiye angekaa kiti cha pili amsomee mawe. Katikati ya Novemba, Doyo alilala chini ya gari akaitazama propela, kile chuma kirefu kinachozunguka na kupeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma.

"Mwendwa, hii propela iko chini sana," akasema. "Mawe itaikula asubuhi tu."

Mwendwa akafikiri kidogo. "Basi tupindue ekseli ya nyuma. Ikikaa juu chini, propela itaingia juu."

"Inawezekana?"

"Kwa nini isiwezekane? Ni chuma tu."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tairi, hatua tatu kutoka hapo, na kikombe cha chai. Ekseli ukiipindua juu chini, gia kubwa iliyo ndani yake huhamia upande wa pili, na magurudumu huzunguka kinyume. Unaweka gia ya kwanza, gari linarudi nyuma. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe nikiwa kijana, kwa pikapu ya muuza maziwa, na mpaka leo kuna wazee mjini huniita Rivasi. Na gari la Mwendwa lilikuwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mbele kungevuta mbele na nyuma kungevuta nyuma.

Maneno yalinifika mdomoni. Nikayasukuma chini kwa chai.

Injini ilikuwa bado iko mezani vipande vipande, ikingoja vifaa. Nilipiga hesabu haraka kuliko nilivyowahi kupiga shuleni. Ingewashwa siku moja au mbili kabla ya Siku ya Mawe, kosa lingeonekana, muda ungekuwa umekwisha, na mwaka mzima ungepita. Mwaka ni muda mrefu. Katika mwaka msichana anaweza hata kupata kazi ya ofisi.

Usiku huo nililala vizuri. Nililala vizuri wiki nne mfululizo. Keziah akaniuliza, "Baba Mwendwa, siku hizi unaimba bafuni. Umeokoka mara ya pili?" Nikamwambia ni hali ya hewa tu.

Injini iliwaka siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi, Siku ya Mawe ikiwa kesho yake. Majirani walijaa mlangoni. Mwendwa akaketi, akafunga mkanda, akaanza na magurudumu ya nyuma peke yake. Akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu. Gari likarudi nyuma likaangusha pipa la maji.

Watu wakacheka, wakidhani amekosea gia. Mwendwa naye akacheka. Akaingiza magurudumu yote manne, akaweka gia ya kwanza tena, akaitazama kwa macho ili awe na hakika, akaachia klachi. Gari likasimama pale pale likitetemeka mwili mzima, matairi yakichimba vumbi, halisogei.

"Mbele inaenda Moyale," mtu akapaza sauti, "nyuma inarudi Nanyuki!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilishusha pumzi. Nasema ukweli, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana kitu. Binti yangu alikuwa amekaa salama, chini, nyumbani, na hakuna jiwe lingemgusa.

Majirani walipotawanyika, Mwendwa aliingia chini ya gari na Doyo akachuchumaa kando. Nikajifanya nachagua waya za kuchomelea.

"Ama ni ile ekseli tuligeuza?" Doyo akauliza.

"Haiwezi kuwa ekseli," Mwendwa akajibu kutoka chini. "Baba alikuwa hapo tukiigeuza. Kama ni makosa angesema. Baba hawezi kuniachia makosa."

"Kweli. Mzee angesema."

"Ni giaboksi. Nipe spana kumi na nne."

Akaanza kufungua giaboksi. Giaboksi nzima isiyo na kosa lolote, aliyoifunga mwenyewe vizuri kabisa, alianza kuifungua bolti moja baada ya nyingine, kwa sababu alikuwa ameniamini. Saa nzima nilisikia spana ikizunguka. Doyo aliondoka kwenda swala ya Ijumaa, akatuacha wawili. Bolti zikawa zinadondoka kwenye sahani ya bati.

Nikashindwa. Nikaenda nikapiga magoti kando ya gari, mguu wangu ukinigombeza.

"Mwendwa. Acha giaboksi. Ni ekseli."

Spana ikasimama. "Umeangalia saa hii?"

"Nilijua siku ile ile mlipoipindua."

Alitoka chini polepole, akakaa kwenye vumbi, akafuta mikono kwa kitambaa kidole kwa kidole. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mwezi mzima," akasema.

"Mwezi mzima."

"Ulitaka nichekwe?"

"Nilitaka usipande. Nakuogopea, Mwendwa. Nikifumba macho naona lori limekulalia."

"Si ungeniambia unaogopa."

"Ningekuambia, ungeacha?"

Akafikiri, kwa sababu ni mtoto mkweli. "Hapana."

"Basi."

"Lakini ningejua ni woga tu, Baba. Sasa kesho ukiniambia bolti hii imekaza, mimi nitajuaje?"

Nilimwomba msamaha, pale chini, mzee mzima magotini, na hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliinuka, akaleta jeki. Lakini nitakuambia jambo moja. Mzigo ulikuwa umenitoka. Nilikuwa nimeaibika mpaka masikio, na bado nilipumua vizuri kuliko wiki zote nne za kuimba bafuni.

Doyo aliporudi Mwendwa alimweleza yote, tukafanya kazi watatu. Tuliirudisha ekseli ilivyozaliwa, tukaweka springi juu yake badala ya chini, gari likainuka shubiri nzima, na propela tukaikinga kwa bamba nene la chuma. Adhana ya magharibi ilitukuta tukikaza za mwisho. Kila bolti niliyoikaza, Mwendwa alikuja nyuma yangu na spana yake akaijaribu tena. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama anavyokagua kazi ya fundi asiyemjua, na hilo lilinichoma zaidi.

Jumamosi asubuhi laga ilijaa watu. Tulikuta wengine wameshapanda, akiwemo Abdikarim mwenye bucha, ambaye ndiye aliyeondoka na beberu siku ile, nikuambie mapema usije ukangoja. Zamu ya Mwendwa ilipofika, Doyo alisimama kando ya gari na hakupanda.

"Abba Mwendwa," akaniambia kwa sauti ya kusikika, "hii kizimba nani alichomelea?"

"Mimi."

"Basi kaa."

Watu wakanigeukia. Hapa kwetu fundi aliyechomelea vyuma vya juu vya lori la mifugo ndiye hupanda juu yake safari ya kwanza. Haijaandikwa popote, lakini fundi anayekataa kupanda hapewi kazi tena, maana yake haamini mkono wake. Tangu mguu uvunjike mimi nilikuwa nasamehewa. Nilitengeneza, wakapanda wengine, na kwa miaka ishirini hakuna aliyenikumbusha.

"Doyo, wachana na yeye," Mwendwa akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi hiyo kunihusu. "Mguu wake."

"Mguu wangu unapanda," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kuku. Niliingia. Doyo akanifunga mikanda akaivuta mpaka nikakohoa.

Nilidhani kupanda mawe ni mbio. Si mbio hata kidogo. Ni kutambaa. Injini inanguruma chini chini, tairi linashika jiwe, linalinyonya, linapanda, lingine linafuata. Mwendwa alikuwa ametoa kichwa nje upande wake, na upande wangu hakuuona.

"Kwako kuna nafasi?" akauliza.

Nikachungulia. "Kiganja."

"Sasa?"

"Vidole viwili. Rudi kulia kidogo. Hapo. Nenda."

Tulipanda jiwe la kwanza. Tukapanda la pili. Tulikuwa tunaongea kama watu wa kazi, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kufurahia. Halafu jiwe la tatu, lililoonekana kama limeota hapo tangu dunia iumbwe, likazunguka chini ya tairi la kushoto.

Gari la mawe halianguki haraka. Linalala polepole na kukupa muda wa kukumbuka madhambi yako. Niliona anga likienda upande, nikaona mawe yakija juu, nikasikia bomba la kisima likigonga mwamba kwa mlio mmoja mzito. Kisha tukageuka tena, na kila kitu kikasimama. Tulikuwa tunaning'inia kwenye kamba za lori, vichwa chini, vumbi puani.

Mwendwa alizima injini. Nilisikia swichi.

"Baba?"

"Nipo."

"Mguu?"

"Upo. Yote miwili ipo. Wewe? Shingo? Mikono?"

"Niko mzima, Baba. Niko mzima kabisa."

Nikamtazama. Kichwa chake kilikuwa chini, na kati ya kichwa hicho na mwamba palikuwa na ule mpindo wa bomba nilioupitia mara tatu, na kati ya kichwa na bomba palikuwa na nafasi ya kuingiza mkono. Nikaanza kulia, na kwa kuwa tulikuwa juu chini, machozi yakatiririkia kwenye paji la uso na kuingia kwenye nywele. Nililia kwa furaha tupu. Miaka ishirini lile lori lilikuwa limenilalia, na sasa chuma kimetuangukia na hakuna aliyekufa. Mwendwa akaanza kucheka, akasema, "Baba, unalia kurudi nyuma," nami nikacheka mpaka kamba zikaniuma.

Wakaja mbio. Doyo alikuwa mbele, akisema alhamdulillahi bila kupumzika. Walitufungua, wakatushusha, kisha wanaume wanane wakalisukuma gari mpaka likasimama kwa magurudumu yake. Abdikarim akalizunguka, akagonga kizimba kwa jiwe, akainama kutazama viungo. Rangi ilikuwa imechubuka. Bomba halikupinda hata kidogo.

"Mzee Rivasi," akasema, "hapa ulifanya kazi."

Gari lililoanguka huruhusiwa kujaribu mara moja zaidi, mwenyewe akitaka. Watu walikuwa wanamtazama Mwendwa. Mwendwa akanigeukia mimi.

"Baba. Iko sawa?"

Nikalala chali nikaingia chini. Nilikagua springi zote nne. Nikakagua bolti za ekseli, propela, mabomba ya breki, usukani, kila kiungo cha kizimba kuanzia miguuni. Nilichukua muda. Mawe yalikuwa yameshapata joto na yakanichoma mgongo, na hapo chini nikaelewa nimepewa nafasi kubwa kuliko ile ya Novemba. Ningesema ekseli imepinda, na hakuna mtu angelala pale kubishana nami. Gari lingevutwa nyumbani, watu wangesema pole, na binti yangu angekula chakula cha mchana mezani kwetu. Isitoshe, mara hii hakuna ambaye angekuja kugundua. Sitakudanganya, nililifikiria. Nililala pale nikalifikiria mpaka Doyo akaniuliza kama nimelala.

Nikatoka.

"Bolti ya springi ya nyuma kushoto ilikuwa imelegea nusu mzunguko," nikasema. "Nimeikaza. Mengine yote ni mazima. Unaweza kupanda."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Doyo, ambaye jana alimwona akizikagua bolti zangu zote, tayari alikuwa amemnyooshea spana. Mwendwa aliitazama. Akamwambia, "Weka hiyo, panda twende," akaingia ndani, akafunga mkanda, akawasha.